Mwaka wa Saini za Kahindi

Kadzo alinipigia simu asubuhi nikiwa nimesimama kando ya mashine, nasubiri turubai la duka la magodoro limalize kutoka. "Dada Dama," akasema, "Kahindi hatunaye." Mimi nikabaki nimeshika simu huku turubai likiendelea kutoka, godoro baada ya godoro. Kahindi ni kaka yake. Lori lake lilipinduka kwenye mteremko, njia ya bara, na ajali yenyewe Kadzo hakuweza kuieleza, wala mimi sikutaka aieleze. Nikamuuliza kuhusu bango la mazishi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu, na mdomo wangu umezoea kuuliza hivyo kila nikiambiwa mtu amekufa. Akasema bango limeshachapishwa Mariakani, wenye malori ndio waliolishughulikia, nisihangaike. Nikamshukuru. Nilipokata simu nilikaa juu ya marimu ya karatasi nikalia, na nikiwa mkweli, nililia kwa hasira kuliko huzuni. Wateja wawili waliingia wakanikuta hivyo, wakatoka tena polepole.

Hapa Changamwe wananijua kama mama wa mabango. Harusi, mazishi, mahubiri, wagombea wa kila rangi, wote wanapita mezani kwangu. Wasichokijua ni kwamba mlango nilioingilia katika kazi hii haukuwa wangu, ulikuwa wa mtu mwingine, naye alikataa kuupita. Ya wazazi wangu na ya shule nayaacha, hayana neno hapa. Nataka kuandika mwaka mmoja tu, ule uliofuata baada ya kidato cha nne, ambao niliumaliza kule Junda, ndani ya saiba ya Madam Esther, duka lake la kompyuta za mtandao. Kilikuwa chumba kirefu chembamba nyuma ya duka la sabuni na mafuta, hivyo mtandao wetu daima ulinuka sabuni ya mche. Kompyuta zilipangwa ukutani, kila moja na pazia lake la leso kuukuu ili mtu aone haya zake peke yake. Feni ilikuwa moja, nayo ilimpendelea Madam Esther. Kazi yangu ilikuwa kuangalia muda wa wateja, kutoa nakala, na kuwaandikia watu barua za kuomba kazi ambazo nilijua hawatazipata. Saa za mchana, wateja walipopungua, Madam alikuwa akifungua hotipoti yake ya githeri, mahindi na maharagwe ya kwao, alete harufu ya bara katikati ya sabuni, na hapo ndipo Kahindi alipokuwa akiingia.

Tulimaliza shule pamoja. Alikuwa mrefu, mwenye shingo iliyoinama kidogo, na alikuwa akisalimia chumba kizima kabla ya kukaa, hata kama chumba kina mimi tu. Madam Esther alimwachia mashine ya mwisho kwa sababu alijua kuzitoa mashine zote virusi na kuziamsha zikigoma. "Kahindi, ukiona mteja amekuja, amka hapo," alikuwa akimwambia. "Sio unaniambia ati unamalizia." Naye hujibu, "Sawa, Madam," na asiamke. Alichokuwa akikifanya pale kinahitaji maelezo siku hizi. Zamani hizo, kabla watu wote hawajahamia kwenye simu, kulikuwa na majukwaa mtandaoni ambako watu wa dunia nzima walikutana kubishana juu ya mpira, michezo ya kompyuta na mambo mengine ya upuuzi. Kila ukiandika neno lako, chini yake hutokea saini yako. Wengi waliweka maneno matupu. Wenye kujipenda waliweka kijipicha, ukanda mwembamba wenye jina lao, umepambwa kwa mwanga na rangi na sura ya mchezaji au simba au askari wa mchezo fulani. Urefu wake kwenye kioo haukuzidi kidole cha kati, na kimo chake ni vidole viwili vimelala. Hizo ndizo saini, na Kahindi alikuwa mchoraji wa saini.

Nimeshakaa na programu za picha maisha yangu yote ya utu uzima, na bado sijamwona mtu akikata picha kama alivyokata yeye. Aliweka sura, akaizunguka nukta kwa nukta mpaka kwenye nyusi, akaitoa katika mandhari yake, kisha akaanza kujenga tabaka juu ya tabaka: moshi, vumbi, mwanga kutoka upande mmoja, kivuli upande wa pili. Mwishoni kabisa aliweka jina, dogo, kwenye kona ambayo jicho hufika lenyewe. Programu yenyewe ilikuwa ya majaribio. Mtu wa kawaida akimaliza muda wa majaribio hufungiwa, lakini mashine za Madam Esther zilikuwa zimewekwa zisahau kila kitu zikizimwa, ili wateja wasijaze takataka, kwa hivyo kila asubuhi programu iliamka ikidhani imewekwa leo. Tulicheka sana juu ya hilo. Ubaya wake ni kwamba na kazi ya Kahindi nayo ilisahauliwa. Stima ikikatika, na stima ya Junda ilikatika itakavyo, kila kitu kilikwenda. Akajifunza kufanya haraka na kufanya vidogo. Picha ndogo haielemei mashine, picha ndogo hupanda mtandaoni kabla stima haijaondoka. Akimaliza aliunganisha tabaka zote kuwa moja, akatuma, akafuta. Udogo ndio uliokuwa ustadi wake, na hakuna aliyemwambia kuna njia nyingine, kwa sababu waliomfundisha walikuwa watu wa jukwaani, na wao pia walichora vidogo.

Kwenye jukwaa alijiita Junda. Wakamuuliza Junda ni nini, akawajibu ni mji mkubwa ulio karibu na bahari. Watu wa Brazili na Polandi na nchi ambazo mimi nilikuwa nazijua kwa ramani walimpangia foleni. Kiingereza chake kilikuwa cha kuhesabu, alijibu neno moja moja, "sawa", "kesho", "rangi gani?", nao wakadhani ni mtu mzima mwenye shughuli nyingi. Alikuwa akiniita nisogee: "Dama, hebu tazama huyu. Yeye ataka mbwa wake aonekane ana hasira." Tunamtazama mbwa, mbwa amelala kwenye kochi. Baada ya muda mbwa anatoka kwenye moshi mwekundu, macho yanawaka, na mwenye mbwa huko aliko anaandika mistari mitatu ya shukrani. Kahindi aliisoma ile mistari akitafuna viazi vya karai, ukwaju unamchuruzika kidoleni, asiguse kicharazio mpaka ajifute. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha ya kimya kama ile. Nikiikumbuka sasa inanichoma, kwa sababu mimi ndiye shahidi wake pekee, na ushahidi wangu haufiki popote.

Mjomba wake alikuwa na malori Miritini, na mwaka ule wote alikuwa akimtaka aende awe utingo, ajifunze barabara, mwishowe apewe usukani. Kahindi hakutaka. Alitaka kuajiriwa na Bwana Shee, mwenye kiwanda kidogo cha uchapaji hapa Changamwe, mtu aliyechapa mabango ya nusu ya mji. Alishakwenda kumwona. Bwana Shee alimwambia amletee kazi moja iliyochapwa, kubwa, aione kwa macho, ndipo waongee. Kwa hiyo mwaka mzima ulisimama hapo: likipatikana bango, kiwanda cha Bwana Shee, lisipopatikana, malori. Nilikuwa nikienda kwao asubuhi mara nyingine kula mahamri na mbaazi, na mama yake, akikoroga tui, alikuwa akisema kwa sauti ya mtu anayeongea na sufuria, "Mjomba kapiga simu tena jana. Mie nimemwambia mtoto ana mpango wake. Sasa huo mpango, Dama mwanangu, uko?" Nami humjibu uko, mama, unakuja. Kahindi alikuwa akikunja shingo yake juu ya sahani. Mbaazi za yule mama sijazipata tena pahali popote.

Bango lilipatikana kwa njia ambayo hakuna angeiomba. Mwalimu wa kwaya ya kanisa letu la Frere Town alifariki. Alikuwa ametufundisha sote kuimba, alikuwa na sauti nene na kawaida ya kupiga meza kwa kidole kimoja mtu akikosea, na kanisa lote lilimlia. Mzee wa kanisa akamjia Kahindi saibani, akavua kofia kama kwamba mauti yako pale ndani. "Kijana, tumesikia wewe wajua haya mambo ya picha. Mjane ametoa hii, asema ndiyo anayoipenda." Ilikuwa picha ya pasi ya kusafiria, ndogo, Mwalimu amevaa tai, anakaribia kutabasamu. Kahindi aliipokea kwa mikono miwili. Tuliiskani, akakaa nayo siku ile yote na asubuhi iliyofuata, usiku mashine ikiachwa inawaka isije ikasahau, na Madam Esther kwa mara ya kwanza hakumwambia aamke. Niliiona ikikua. Alimtoa Mwalimu kwenye ule ukuta wa studio, akampa mwanga wa kushoto wa asubuhi, akaweka nyuma yake rangi ya zambarau inayoishia kwenye dhahabu, rangi za joho la kwaya yetu. Kwenye kioo, Mwalimu alikuwa hai. Madam Esther alisimama nyuma yetu na kijiko chake akamwita Mungu kwa lugha yake, "Ngai, huyu anaweza kuongea." Kahindi akaunganisha tabaka, akahifadhi kwenye flashi, akapanda kwenda Changamwe, na picha ya asili akamrudishia mjane siku hiyo hiyo. Mazishi yalikuwa kesho yake.

Bwana Shee hakuwepo kiwandani. Kijana wa mashine akauliza ukubwa tu, mita tatu kwa mbili, akaingiza, akachapa, akakunja turubai kabla wino haujakauka vizuri, akalifunga kwa kamba. Sasa hivi mtoto yeyote mezani kwangu angeliona kosa bila hata kuvaa miwani. Kahindi alikuwa amemchora Mwalimu kwa kipimo cha saini. Uso wote ulikuwa na ukubwa wa vidole viwili, na kijana wa mashine aliuvuta ukawa mita mbili. Kwa mtu wa jukwaani kile kipimo ndicho kipimo cha dunia. Alijua kila kitu kuhusu mwanga na hakujua hilo moja, nami sikulijua, na Madam Esther hakulijua, na hapakuwa na mtu Junda nzima wa kulijua.

Bango lilikunjuliwa uani pa kanisa, watu wameshakaa. Mama yake Kahindi alikuwa mstari wa mbele kwa makusudi, amevaa leso mpya. Vijana wawili walilifunga kwenye nguzo, na mimi niliyekuwa kule langoni nikaona ni zuri, nikaona ni Mwalimu kabisa, nikaanza kwenda mbele. Kila nilivyosogea, Mwalimu aliondoka. Macho yakageuka viraba, mdomo ukawa ngazi, tai ikawa matofali ya bluu. Zambarau na dhahabu zilibaki, zinawaka vile vile, na katikati yake hapakuwa na mtu. Minong'ono ikaanza. Kahindi alikuwa amesimama kando ya nguzo, nami nilimwona anatazama bango kama mtu anayesoma habari asiyoielewa. Hapo mjane akainuka. Walijaribu kumshika, akawatoa mikono, akaenda mpaka kwenye turubai na kuweka kiganja pale shavu lilipotakiwa kuwa. Kisha akageuka, na hakupaza sauti, alimwuliza Kahindi kwa upole kabisa, "Mwanangu, mume wangu umemweka wapi?"

Mzee wa kanisa akaamuru bango ligeuzwe, upande mweupe uangalie watu, na ibada ikaendelea mbele ya weupe ule. Baadaye jua lilipopanda, akina mama wa jikoni wakalihitaji, wakalifungua wakalitandaza juu ya masufuria wapate kivuli. Tulikula wali na maharagwe chini yake, na ukiinua uso ulimwona Mwalimu kwa nyuma, viraba viraba, juani. Mama yake Kahindi alikuwa ameondoka bila kula. Mimi nilikula, nasema ukweli, nilikuwa na njaa.

Kahindi hakurudi saibani. Mashine ya mwisho ilikaa tupu, na kule jukwaani, nilipoingia kwa jina lake, niliona watu wanauliza Junda yuko wapi, Junda anaumwa, mwenye mbwa akamwandikia kwamba mbwa amekufa na saini ile ndiyo aliyonayo. Siku chache baadaye Madam alinituma Changamwe kununua karatasi kwa Bwana Shee. Nikamkuta mwenyewe, mzee mwembamba mwenye kanzu iliyodondokewa wino, ameweka mezani kipande cha turubai cha majaribio, zambarau na dhahabu. "Shikamoo," nikasema. Akaitika bila kuinua macho. "Nani alofanya hizi rangi?" akauliza. "Wanambia ni kijana wa Junda." Nikamwambia ni Kahindi, nikamweleza yote, mpaka la mjane. Akatikisa kichwa. "Uso kauchukua mdogo mno, basi. Ni kipimo tu hicho. Kipimo namfundisha asubuhi moja, kabla ya adhuhuri yuwajua. Lakini rangi hizi, wallahi, mimi nna miaka katika kazi hii, rangi hizi hazifundishiki. Mwambie aje Jumatatu, inshallah. Mwambie mimi ndiye niloharibu, sikuweko." Niliziacha karatasi za Madam pale pale mezani, nikakimbia.

Nilimkuta Kahindi nyumbani anakula sima na mboga chungu ya mtsunga, mama yake yuko jikoni. Nilimwambia nikiwa bado nahema. Nilimwambia kipimo, nilimwambia asubuhi moja, nilimwambia Jumatatu. Akamaliza tonge, akanawa. "Mshukuru Bwana Shee," akasema. "Mimi Jumatatu naenda Miritini." Nikadhani hakunisikia, nikarudia tena kwa sauti ya juu, "Kahindi, ni kipimo tu! Ni kitu kidogo!" Ndipo aliponitazama. "Nimekusikia, Dama. Sasa nikijua kipimo, yule mama atamzika mumewe mara ya pili?" Mama yake akatokea mlangoni na mwiko mkononi, akasimama tu. Nilimtukana Kahindi siku ile. Nilimwita mwoga mbele ya mama yake. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Jumatatu alfajiri mjomba alipitia akamchukua, na nilipokwenda kwa Bwana Shee kumpa majibu, alivuta kiti akaniambia, "Basi kaa wewe." Nikakaa. Nilijifunza kipimo kabla ya adhuhuri, kama alivyosema.

Niko hapa mpaka leo, na mzee mwenyewe ameshatangulia. Mabango yangu hayana kasoro, nyuso zinatoka safi hata ukizisogelea na pua. Rangi zangu ni za kawaida, nalijua hilo kila siku ya Mungu ninapowasha mashine. Kahindi nilikuwa nikimwona barabarani mara moja moja, ananipigia honi, ananipungia mkono juu juu. Aliwahi kuja dukani na kibandiko cha lori kinachotaka kuchapwa, nikamwambia akae achore mwenyewe, akacheka, akasema amesahau hata panya wa kompyuta hushikwa vipi. Nilitamani kumpiga. Siku ile Kadzo aliponipigia nililitafuta jukwaa, likawa limefungwa, zimebaki kurasa za zamani za kusoma tu, na pale palipokuwa na saini za Junda pamebaki viboksi vitupu. Sikupata hata moja. Mbwa wa hasira, askari, simba, vyote vimekwenda.

Tulimzika kwao Kaloleni. Wasifu ulisomwa na mwenzake wa malori: alizaliwa, alisoma, baada ya kidato cha nne akaingia kazi ya magari, akaoa, akapata watoto, alikuwa mkimya na mwaminifu. Ule mwaka haukuwemo. Si kwamba waliuficha, hawakuwa na habari nao; Kadzo alikuwa bado mtoto mdogo wakati ule, na mama yao ambaye angeweza kuwaambia hayupo siku nyingi. Aliyeongoza ibada akauliza kama kuna mwenye la kuongeza. Nilisimama nusu, nikaketi. Ningewaeleza nini wale watu waliokuwa na machozi yao na jua lao? Baadaye, watu wakinawa mikono, mkewe akanijia. Tulikuwa hatujuani. "Dada, nilikuona ulitaka kusema neno," akaniambia. "Ulimjulia wapi?" Nikamwambia Junda, saibani, tulipokuwa vijana, na kwamba mumewe alikuwa mchoraji. Akashangaa. Akaniuliza alichora nini, huku amenishika mkono, na niliona ana kiu ya kupewa chochote kilichobaki. Basi nikajaribu. Nikamweleza vile vijipicha, ule moshi, ule mwanga wa upande mmoja, jinsi jina lilivyowekwa mwisho, dogo, kwenye kona. Akafuata kila neno.

"Jina lake?" akauliza.

"La, mama," nikamwambia. "Majina ya watu wengine."

Akatikisa kichwa polepole, akanishukuru, akaenda kuwatazama wageni kama wamepata chakula.